Hapana Niliyoipeleka Likoni

Kwa miaka mingi niliamini kwamba watu wa Mtongwe wananijua kuwa mimi nina mashetani. Sikulalamika. Nilipokutana nao harusini nilikaa upande wangu, na mmoja wao akinitazama sana nilimrudishia macho mpaka akayashusha yeye, maana mtu akishapewa sifa ni afadhali aitumie. Kwa hiyo mwezi uliopita, tulipokuwa katika matanga ya Shangazi Mishi kule Likoni, na Hamadi wa Mtongwe akaja kuhani pamoja na mkewe, nilijiweka sawa kwenye mkeka nikamngoja. Ndevu zimemwingia mvi na tumbo limetangulia mbele kidogo, lakini sauti ni ileile ya upole. Alisimama kizingitini, kwa kuwa chumba kilikuwa cha wanawake, akanipa pole, akasema marehemu alikuwa mtu wa haki. Nilitoka nje kumsindikiza, tukazungumza maneno machache ambayo nitayaeleza mahali pake. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiufikiria mwaka ule nilioutumia kujiandaa kwa mahojiano ya kazi, na kupigana na ulimi wangu mwenyewe.

Habari za kuzaliwa kwangu, za wazazi na za shule naziruka. Kila mtu anazo zake. Itoshe kujua kwamba nilikuwa nimetoka chuo, umri ishirini na kitu, na mtu mwenye sauti juu yangu alikuwa shangazi. Nilikuwa nimepanga chumba Bombolulu pamoja na Kerubo, msichana wa Kisii aliyefanya kazi ya ofisi Changamwe, katika kampuni ya kutoa mizigo bandarini. Chumba kilikuwa na vitanda viwili na meza moja katikati. Asubuhi meza ile ilikuwa jiko, mchana ilikuwa dawati langu, na jioni ilikuwa mahali pa Kerubo kupumzishia miguu iliyovimba kwa viatu vya ofisini. Ukuta haukufika darini, kama zilivyo nyumba nyingi za kule, kwa hiyo tuliishi na maneno ya jirani yetu Mama Saumu, muuza mahamri na mbaazi, naye akaishi na yetu. Sisi tulijua lini mumewe amekosana na muuza nyama. Yeye alijua lini Kerubo ameandikiwa na mchumba na barua ilikuwa fupi kiasi gani. Asubuhi tuliamshwa na harufu ya iliki kutoka kwenye karai lake, na hadi leo nikinusa iliki mkono wangu hutafuta kalamu.

Kazi niliyoitaka ilikuwa ya kampuni ya ushauri wa biashara, ya Nairobi. Mwenye kiwanda akiona mambo yanamwendea kombo, huwaita watu hawa wamwambie kinachomuumiza, naye huwalipa vizuri kwa kuambiwa. Njia ya kuingia kwao ni ya ajabu. Hawana haja sana na ulichosoma. Wanakuletea biashara inayoumwa, uitibu kwa mdomo mbele yao, huku wakikukatiza kila dakika waone kama utababaika. Wenyewe huiita kesi. Nami nilizipenda kesi kama wengine wanavyopenda karata. Nikipita mbele ya kinyozi nilikuwa nikijiuliza kwa nini ana viti vitatu na vioo viwili. Nilikuwa hodari, nalisema bila haya, na mzunguko wa pili ulipofanyika katika hoteli moja ya Nyali nilitoka nikijua nimewaweza. Baada ya siku kadhaa nilipigiwa simu na mwanamke wa ofisi yao, jina lake Kagendo, aliyeshughulikia sisi waombaji.

"Zuhura, umeingia mzunguko wa mwisho," alisema. "Lakini nikwambie kitu ambacho sikutakiwa kukwambia. Wote wawili waliokuhoji wameandika jambo moja. Huyu hukubali kila anachoambiwa. Mmoja alikupa hesabu isiyo sawa makusudi, ukaitikia."

"Niliiona," nilisema.

"Uliiona?"

"Niliiona. Lakini yeye ni mtu mzima."

"Basi mwisho watakupa kosa jingine," akasema. "Ukilimeza na hilo, kazi hupati."

Mtu wa kwetu hahitaji kuelezwa zaidi. Sisi tukiitwa huitikia abee kabla hatujajua tunaitiwa nini. Mtu mzima akisema jua leo limetokea upande wa machweo, unasema labda lilikuwa na safari. Si uongo na si woga. Ni namna ya kumwachia mwenzako heshima yake akae nayo, na mpaka leo naiona ni desturi nzuri, inayofanya watu wengi waweze kuishi pamoja katika nyumba ndogo. Lakini nilielewa vilevile alichotaka Kagendo. Mwenye kiwanda hawezi kulipia watu wa kumwitikia. Anao wa kutosha nyumbani kwake.

Kerubo alipopata habari alicheka mpaka akakaa chini. "Yaani kazi ikupite juu ya adabu?" akasema. "Wee Zuhura, tutakufunza. Msee akikosea, amekosea. Hakuna kumbembeleza." Tangu siku hiyo, akirudi kutoka Changamwe alijifunga kanga shingoni kama tai, akapanda kitandani, akakunja miguu, akawa mkurugenzi. Nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa mbele yake. Alinipa biashara za kila aina, kisha katikati akatia neno la kipumbavu kwa sauti ya mamlaka.

"Hoteli yangu imejaa wateja na pesa sizioni," aliniambia siku ya kwanza. "Nimeamua dawa ni kuongeza viti."

"Labda tungetazama kwanza..."

"Labda ni nani? Ameajiriwa lini hapa?"

"Pengine..."

"Na huyo pia sina. Mimi nimesema viti. Nimekosea ama sijakosea?"

"Wewe ndiye unayeijua hoteli yako," nilisema, na Kerubo akanirushia mto.

"Mwambie viti havina kosa, mwanangu!" Mama Saumu aliita kutoka upande wa pili wa ukuta. "Mwambie atazame jikoni, mpishi aiba nyama!"

Tulicheka, lakini Mama Saumu alikuwa amesema kwa pumzi moja kile nilichokuwa nikikizungukia jioni nzima. Kerubo alipiga marufuku labda, pengine na huenda. Akaniwekea na kazi ya nje: kila siku nimkatalie mtu mmoja mkubwa kuliko mimi, mtu halisi, mchana kweupe. Wa kwanza akawa Mama Saumu mwenyewe. Nilikwenda na bakuli langu asubuhi, akanisifia mbaazi zake kwamba ni za leo, nami nikasema, "Hapana, Mama Saumu. Hizi ni za jana."

Aliniangalia kana kwamba nimemvua kanga sokoni. "Mtoto wa nani wewe?" akauliza, ingawa alinijua vizuri. Akafunika sufuria. Akaifunua tena. "Ni za jana," akasema kwa sauti ndogo, "lakini tui ni la leo." Akanijazia bakuli, na kuanzia hapo akawa ananiita nionje kabla hajafungua biashara. Hilo lilinishangaza kuliko yote niliyojifunza mwaka ule. Nilikuwa nikidhani nikimwambia mtu hapana nitampoteza, kumbe wengine hukaa miaka wakimngoja mtu wa kuwaambia.

Nilikuwa naendelea vizuri, tena kwa mbwembwe, hadi Jumapili moja nilipokwenda Likoni kula chakula cha mchana kwa shangazi. Inafaa nimweleze Shangazi Mishi. Alikuwa mshenga, mtu wa kupeleka posa na kuleta majibu, na alitumwa na watu wa Likoni mpaka wa Kisauni. Sifa yake ilikuwa moja, kwamba neno lake halirudi. Mzee akishamtuma Mishi, mkewe alianza kuchagua mchele. Alikuwa mrefu, mwenye macho makali na mkono mwepesi jikoni, na sijapata kumsikia akisema amekosea, hata alipotia chumvi mara mbili. Siku hiyo alisema chumvi ya siku hizi ni kali. Jumapili ile alikuwa amepika pilau, na kachumbari ya ndimu, na achari ya embe iliyokuwa ikitutoa machozi. Tulikaa wanawake watano kuzunguka sinia, kila mmoja akila upande wake, mazungumzo yakipita juu ya vichwa vyetu, nani kaachwa, nani karudiwa. Mimi nilikuwa nimeinama. Kerubo alikuwa amenipa kesi ya kiwanda cha barafu kinachouzia wavuvi: wateja wameongezeka, faida imepungua. Nilikuwa nimeshamaliza umeme na mishahara, na nilikuwa nimefika njiani, kwenye barafu inayoyeyuka kabla ya kufika kwa mnunuzi.

"Zuhura," shangazi aliita.

"Abee."

"Hamadi, mwana wa Bi Fatuma wa Mtongwe, aleta posa. Wasemaje?"

Sauti yake niliisikia kwa mbali, kama redio ya nyumba ya pili. Nilikuwa nikitazama punje ya wali ukingoni mwa sinia na kuwaza magunia ya maranda ya kufunikia barafu. Akauliza tena. Akauliza mara ya tatu, kwa kuwa ndiyo desturi. Kisha nikasikia kigelegele, kikafuatiwa na kingine, nikainua kichwa nikitabasamu. Nilidhani wamefurahia pilau.

Kwa asiyejua, kwetu msichana akiulizwa habari ya posa hatarajiwi kusema ndiyo. Ndiyo ya mdomoni ni ujuvi. Akinyamaza ameridhia, na akilia pia ameridhia. Kukataa ndiko kunakotaka maneno. Mimi nilinyamaza mara tatu mbele ya mashahidi, tena nimeinamisha uso kwa haya nzuri kabisa, na kabla sijanawa mikono shangazi alikuwa na simu sikioni akizungumza na Mtongwe. Wanawake walinikumbatia. Mmoja alinibusu kwa mdomo wenye achari. Ningesema pale, lakini kumkana mshenga mbele ya wanawake waliokula pilau yake ni kumvunjia heshima yake, na nilimpenda. Nikanyamaza mara ya nne, na hiyo nayo ikahesabiwa.

Hamadi hakuwa na kasoro niliyoweza kuishika. Alikuwa na duka la vipuri vya baiskeli, alimheshimu mamake, hakuwa mtu wa maneno. Angekuwa mlevi ningemshukuru. Lakini watu wake walikuwa wamesema wazi kwamba mke atakaa Mtongwe, na siku walizopanga zilinikata kabisa: wiki ya mahojiano yangu ndiyo niliyotakiwa kuwekwa ndani, nisugwe mwili kwa liwa na nifukizwe udi, nisionwe hata na muuza maji. Sikuogopa ndoa. Niliuogopa uso wa shangazi, nao ulikuwa umesimama kati yangu na kazi ile.

Nilipomweleza Kerubo, kwanza hakuamini. "Umeolewa ukifikiria barafu?" akauliza. Upande wa pili wa ukuta palikuwa na mlio wa mtu anayejizuia kucheka. Kisha Kerubo akaifungua kanga yake ya ukurugenzi, akaikunja, akaiweka mezani, akanitazama kwa makini. "Sikiza. Hiyo siyo posa tu, hiyo ndiyo kesi yako ya mwisho. Kama utashindwa kumwambia shangazi yako, usikate tikiti ya Nairobi, utapoteza nauli bure. Wale wazee watakumaliza."

"Yule si mkurugenzi, Kerubo. Ni shangazi yangu."

"Ndio maana," akasema. "Jibu kwanza, sababu baadaye. Na huyo labda wako umuache hapa nyumbani, nitamlinda."

Nilivuka kwenda Likoni asubuhi, nikirudia sentensi yangu moja. Mlango wa shangazi ulikuwa wazi. Alikuwa uani, amekaa juu ya mbuzi, akikuna nazi, simu ameibana kwa bega. Nilisimama ukumbini nikamsikia. "Mtoto mtulivu, Fatuma, wallahi," alikuwa akisema. "Hana neno. Ukimwita, abee. Ukimtuma, kesha kwenda. Hujamsikia akimjibu mtu mzima." Nilimkumbuka Mama Saumu na mbaazi zake, nikajikaza.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Ndoo hapa, kaa. Wala nini huko Bombolulu, mbona wakonda? Bibi harusi hakondi."

Nilivuta kigoda. Kwa desturi ningemuuliza usingizi wake, mguu wake unaouma, majirani mmoja mmoja na watoto wao, mpaka neno langu lipoe nirudi nalo nyumbani. Nilisema, "Shangazi, sitaolewa na Hamadi. Siku ile nilinyamaza, lakini sikukubali."

Mkono wake ulisimama, kisha ukaendelea kukuna. "Wasema?"

"Nasema hapana."

"Hamadi ana nini?"

"Hana kitu. Ni mtu mwema. Mimi nataka kazi ya Nairobi, na siku yangu ya kuhojiwa iko ndani ya wiki mnayotaka kunifungia."

"Kazi haikimbii."

"Hapana, shangazi. Hii yakimbia. Nisipokwenda mimi watachukua mwingine."

"Nilikuuliza mara tatu!" Sasa sauti ilipanda. "Mara tatu, Zuhura, na watu wakisikia."

"Uliniuliza. Nilikuwa nafikiria barafu."

"Barafu?"

Nikamweleza habari ya kiwanda, wavuvi na barafu kuyeyuka njiani. Nilipokuwa nikieleza nilijisikia mjinga, lakini sikusimama. Alinisikiliza mpaka mwisho, uso wake umefunga. "Dunia nzima yajua mwari akinyamaza ameridhia," akasema. "Haya nambia, mimi nimekosea wapi?"

Hilo swali halikuwa swali. Ni maneno ambayo mtu mzima huyasema ili ujibu, hukukosea, shangazi, mwenye kosa ni mimi. Jibu lile lilikuwa limeshafika kwenye meno yangu. "Hapo hapo," nilisema. "Uliona kimya ukakifanya jibu. Ungenitazama usoni, ungeona sipo."

Shangazi Mishi akanyamaza. Alimaliza kizio kile cha nazi, akachukua kingine, akakikuna taratibu, nazi ikidondoka kwenye sinia. Kimya kile kilinikaba. Kila kitu nilichofunzwa tangu utotoni kiliniambia nikijaze, nimpe labda moja ndogo ashikilie, nimwombe radhi. Nilijizuia kwa kuuma ulimi, kweli kabisa, nikiuma ulimi. Na pale, sijui nilipata wapi ujasiri, ulimi wenyewe ukafunguka.

"Shangazi," nilisema, "umenyamaza. Nichukue umeridhia?"

Aliinua uso. Kwa muda nilifikiri nimeipoteza nyumba ile milele. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, na kicheko kikatoka, kikubwa, kicheko ambacho sikuwahi kukisikia kwake, na kifuu cha nazi kikaruka kikanipiga gotini. "Jeuri wewe! Nani kakufunza?"

"Kerubo. Yule Mkisii."

"Wallahi nilijua!" Alicheka mpaka akajifuta macho kwa upindo wa kanga, na alipomaliza aliendelea kujifuta, nikaona si kicheko peke yake. "Wajua neno langu halijapata kurudi?" akaniuliza.

"Najua, shangazi."

"Haya. Kula kwanza. Neno nitalirudisha mimi."

Alinipikia samaki wa kupaka kwa nazi ile ile, na hatukuzungumza tena habari hiyo. Kesho yake alivaa buibui lake la sikukuu akaenda Mtongwe peke yake. Jioni alinipigia simu. Nilikuwa nimekaa kwenye ndoo yangu, Kerubo kitandani, na nyuma ya ukuta Mama Saumu ameacha kuosha vyombo.

"Yamekwisha," shangazi alisema. "Nimewaambia una mashetani."

"Mashetani, shangazi?"

"Wa Kipemba. Hawataki mume. Nimewaambia nimegundua mwishoni, nikaona ni amana niwaambie. Hawatakuja tena. Sasa wewe nenda kaitwae hiyo kazi, usiniaibishe mara mbili." Siku ya safari alikuja Bombolulu na chetezo chake, akalifukiza koti langu la mahojiano kwa udi mpaka macho ya Kerubo yakawa mekundu. Hivyo ndivyo nilivyoingia kwenye ofisi ile ya ghorofani Nairobi, nikinukia kama bibi harusi, na nilijiona mzuri.

Kesi yangu ilikuwa ya kiwanda cha mikate. Waliokaa mbele yangu walikuwa wawili, mwanamke mmoja asiyesema sana, na mzee mwembamba mwenye miwani aliyekuwa mkubwa wa pale. Tulikwenda vizuri kwa muda mrefu. Kisha mzee akageuza karatasi akasema, kama mtu anayefunga mlango, kwamba sasa tumekubaliana tatizo ni bei ya unga, tuendelee. Nilitazama tarakimu zilizokuwa mbele yetu. Unga ulikuwa palepale, mwaka hadi mwaka. Kilichopanda kilikuwa gharama ya kusafirisha mikate. Mahojiano yalikuwa ya Kiingereza, lakini hapana niliyoitoa ilikuwa ya Likoni, na samahani yake mbele.

"Samahani, mzee wangu. Hapana. Hapo hatujakubaliana. Unga haujapanda, kilichopanda ni usafiri."

Akavua miwani, akanitazama, akanyamaza. Mwanamke akaangalia dirishani. Nilijua kimya kile. Nilikuwa nimekaa nacho uani, na cha uani kilikuwa kizito zaidi, kwa kuwa mwenye nacho nilimpenda. Nikaweka mikono magotini nikamngoja.

"Una uhakika?" akauliza.

"Ninao."

Akavaa miwani yake. "Endelea basi," akasema, na niliposikia sauti yake ilivyobadilika nilijua nimepata kazi, ingawa simu ilikuja siku kadhaa baadaye, nikiwa mlangoni kwa Mama Saumu na bakuli la mbaazi. Nilisema ndiyo kwa sauti kubwa kabla Kagendo hajamaliza kusema. Mama Saumu akapiga kigelegele kilichowatoa wapangaji wote vyumbani, na safari hii bibi harusi alikuwa amefungua mdomo kwanza.

Nimeifanya kazi ile kwa miaka mingi, na siku hizi mimi ndiye ninayekaa upande wa pili wa meza. Nawatega vijana kwa makosa vilevile nilivyotegwa. Lakini kijana akininyamazia simwandiki kitu. Namuuliza tena, na ikibidi namletea maji, nangoja mpaka maneno yatoke. Wenzangu huona nachelewesha watu. Kerubo, ambaye sasa ana kampuni yake mwenyewe ya kutoa mizigo, husema nimekuwa laini. Amekosea, na nimemwambia.

Sasa yale maneno ya Hamadi. Nilimsindikiza hadi nje ya nyumba ya shangazi, mkewe akiwa ametangulia kwenye tuk-tuk, na kwa kuwa msiba humfanya mtu aseme yaliyolala, nikamwambia kwa utani, "Nashukuru umekuja. Wengine wangeogopa nyumba yenye mtu wa mashetani."

"Mashetani gani?" akauliza.

Nikamweleza. Alinisikiliza akikunja uso, kisha akatikisa kichwa polepole. "Bi Mishi hakusema hayo," akasema. "Mimi nilikuwapo. Alikaa mbele ya mama, hata kahawa hakuigusa. Akasema, 'Fatuma, nimekosea. Nilimuuliza mtoto nikajijibu mwenyewe. Yeye hana lawama. Naja kulichukua neno langu.'" Hamadi akatazama chini. "Mama alitusimulia mpaka anakufa. Alisema amemjua Mishi tangu wakiwa wasichana, na ile ndiyo siku ya pekee aliyomsikia akisema nimekosea."

Alinipa pole tena akaenda zake. Nilibaki nimesimama pale nikiona uchungu na fahari kwa pamoja. Shangazi alikuwa amelichukua lile neno nililomwambia uani, akalibeba hadi Mtongwe, akalitua mbele ya mwanamke ambaye yeye asingependa amwone ameinama. Kisha akanitungia mashetani ili niende Nairobi nikicheka. Watu wa Mtongwe waliokuwa wakinitazama harusini hawakuwa wakiniogopa. Walikuwa wakimtazama msichana aliyemfanya Mishi aseme vile, na miaka yote ile mimi nikiwakazia macho.

Matanga yalipoondolewa, wanawake walikaa chumbani kugawana vitu vyake vidogo: kanga, chetezo, vikombe vya kahawa. Mimi nilikuwa kimya, wakaniacha na msiba wangu. Kisha binamu yangu akaleta ile mbuzi ya kukunia nazi, kiti chake kimelainika kwa kukaliwa, akauliza nani angeitaka. Aliuliza mara moja tu.

"Mimi," nilisema.